CHURA ASIYEKWENDA MTONI

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wa idara yetu ya maendeleo mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Milima ya Taita, waliokutana kupanga kazi ya vitalu vya miche. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Najua mmekuja kwa ajili ya miche. Wengine mmetembea tangu alfajiri mkitaka kusikia juu ya mbegu, maji ya kunyweshea na bei. Hayo yatafuata, na wenye kuyajua kuliko mimi wamekaa hapo mbele. Lakini nimeombwa niseme kwanza juu ya chura. Naona wengine wanacheka. Chekeni tu, hata mimi nilipopewa kazi hii nilicheka.

Wengi wetu tulimjua chura kwanza katika kitabu cha Kutoka, alipoingia mpaka jikoni kwa Farao. Kwa hiyo ukimtaja chura kanisani watu wanafikiria adhabu. Huyu ninayetaka kumsema leo hajaingia jikoni kwa mtu. Hata shambani haji. Anakaa ndani ya msitu wa kienyeji, kwenye vilele vya Dawida na Mbololo, na dunia nzima hayuko mahali pengine. Si Kilimanjaro, ingawa siku ya anga safi tunauona kutoka Vuria. Si Mlima Kenya. Ukishuka Voi umeshamwacha nyuma.

Wataalamu wanamwita Callulina dawida. Hilo neno la pili ni letu, Dawida. Aliandikwa rasmi kuwa ni aina ya pekee mwaka 2009, na mmoja wa walioandika ni Mkenya mwenzetu, Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Fikirini hapo kidogo. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika kila kijiji, na bado kiumbe aliyekaa hapa tangu zamani alikuwa hajapewa jina lake vitabuni.

Ndugu zake wako ng'ambo ya mpaka, Tanzania, kwenye milima ya Pare, Usambara, Nguru na mingine. Milima hiyo na hii yetu ni mnyororo mmoja wa zamani sana, unaoitwa Tao la Mashariki, na Taita ndiyo ncha yake ya kaskazini. Sehemu nyingine zote za mnyororo ziko Tanzania. Misitu ya juu ya milima hii imepata unyevu wa bahari kwa muda mrefu mno, hata nyakati ambazo nchi ya chini ilikauka. Ndiyo sababu kila mlima una viumbe vyake, kama vile kila kijiji kina ukoo wake.

ANAVYOISHI

Ni chura mdogo, anatosha kukaa kwenye kiganja cha mtoto. Rangi yake ni ya hudhurungi yenye madoa, na ngozi yake ina vipele vipele kama gome la mti. Mchana humwoni. Anajificha chini ya gogo lililooza au chini ya majani yaliyoanguka. Usiku, hasa kukiwa na ukungu au mvua, anatoka na kupanda vichaka na miti midogo kutafuta wadudu. Anapanda polepole, hana haraka ya mtu. Ukimwangalia vidole hutaona ile ngozi ya katikati ambayo vyura wa mtoni wanaogelea nayo. Huyu haogelei. Vidole vyake ni vya kushika tawi.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Mtoto yeyote wa shule atakuambia chura hutaga mayai majini, yanatoka viluwiluwi wenye mkia, halafu wanaota miguu. Tumefundishwa hivyo na ni kweli kwa vyura wengi. Kwa huyu si kweli. Jike hutaga mayai yake nchi kavu, kwenye udongo wenye unyevu chini ya majani. Halafu haendi zake. Anakaa na mayai yake akiyalinda. Hakuna kiluwiluwi, hakuna dimbwi. Kinachotoka kwenye yai ni chura kamili, mdogo, mwenye miguu yake minne.

Akina mama, nyinyi mnaelewa kukaa na mtoto mahali pamoja ni kazi gani. Chura huyu amejifunga pale. Sasa yai la chura si kama yai la kuku, halina ganda gumu. Likipigwa na jua linakauka mara moja. Na chura mwenyewe pia anavuta hewa kwa ngozi, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu, la sivyo anakufa. Chura wa mtoni akiona jua kali anaruka majini. Huyu maji yake ni kile kitanda cha majani, ukungu unaoshuka juu yake na kivuli cha miti mikubwa kinachozuia jua. Ondoa kimoja kati ya hivyo na umemwondolea vyote.

Kwa hiyo mtu akisema, "Kijito chetu bado kinatiririka, vyura wako salama," anawasema vyura wengine. Huyu anaweza kwisha kabisa na kijito kikaendelea kutiririka, angalau kwa muda.

Nitoke nje kidogo ya njia. Kuna ndugu mwingine wa vyura hapa kwetu, mnamjua nyote ingawa hamjui kama mnamjua. Ni yule kama mnyoo mkubwa, mweusi wa kuelekea buluu, mnayemfukua kwa jembe mkilima. Wengi wanamkata wakidhani ni nyoka. Si nyoka, wala si mnyoo, na hana sumu ya kukuuma nayo. Ni wa jamii moja na vyura, ila hana miguu. Mwaka 2006 wataalamu walieleza jinsi anavyolea: mama anaotesha ngozi nene yenye mafuta, na watoto wanaitafuna ngozi hiyo ndiyo chakula chao, kisha anaotesha nyingine. Naye ni wa Taita tu. Tofauti ni kwamba huyu amejifunza kuishi kwenye shamba letu la mahindi na migomba, mradi udongo uwe laini na wenye unyevu. Chura wa mtini hakujifunza. Ndiyo maana huyu wa jembe bado mnamwona kila msimu, na yule wengi wenu leo ndiyo mara ya kwanza kusikia habari zake.

VISIWA VYA MSITU

Mtu akisimama Wundanyi akazungusha macho, anaona kijani kila upande. Anauliza, msitu umepotelea wapi? Hapo ndipo tunapodanganyika.

Walichukua picha za ndege za mwaka 1955 wakazilinganisha na za mwaka 2004. Eneo lenye miti kwa jumla lilikuwa karibu lile lile, limepungua kidogo sana. Lakini msitu wa kienyeji ulikuwa umepungua nusu. Karibu hekta 260 zilikwenda katika miaka hamsini hiyo. Mahali pa miti ya kienyeji palipandwa paini, saipresi, mikaratusi na miwati. Kwa macho ya mtu aliye kwenye matatu yote ni miti. Kwa chura si yote.

Ingia chini ya paini zilizopandwa kwa mistari. Utakuta zulia la sindano kavu, na vichaka ni vichache. Ingia chini ya mikaratusi, majani yake ni magumu, hayaozi upesi, na udongo umenyonywa maji. Halafu ingia Ngangao. Kiatu kinazama. Harufu yenyewe ni nyingine.

Kilichobaki ni vipande. Mbololo ni karibu hekta 200, Ngangao kama 120, Chawia haifiki 100, na vingine kama Fururu, Vuria na Yale ni vidogo zaidi. Kati ya Mbololo na Dawida kuna bonde la Paranga, limeteremka chini mpaka kwenye joto. Katikati ya vipande vingine kuna mashamba yetu, nyumba, shule na barabara. Kuna ndege wetu wa Taita, naye anapatikana hapa tu, ana mabawa, na hata yeye wataalamu wameona anapata shida kuvuka kutoka kipande hadi kipande. Sasa chura anayetembea polepole, mwenye ngozi inayokauka, atavukaje shamba la mahindi mwezi wa pili jua likiwa utosini? Havuki. Aliyezaliwa Chawia atafia Chawia. Na kipande kimoja kikichomwa moto, hakuna wa kutoka kingine kuja kukijaza tena.

Ndiyo sababu kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini amewekwa ngazi ya juu kabisa ya hatari, ile inayobakiza hatua moja kabla ya kutoweka porini.

Swali ambalo watu hawaulizi ni hili: kwa nini hata hivyo vipande vilibaki? Baadhi vilibaki kwa sababu serikali iliviwekea mipaka. Lakini wazee walioko hapa wanajua kuna vijisitu vilivyobaki kwa sababu ya fighi. Mahali pa fighi hapakukatwa mti ovyo, na aliyekata alijibu kwa wazee. Wahubiri wa kwanza waliofika huku waliziangalia fighi kama mambo ya upagani tu, na vijana waliosoma wakaziona ni ushamba. Mimi ni mtu wa kanisa na sikuja hapa kufufua matambiko. Lakini nasema bila kuficha: tulipowaambia watu waache kuiogopa fighi, hatukuweka kitu kingine mahali pake cha kuulinda mti. Mtu akaingia na panga, hakuna wa kumuuliza. Wazee wanaokumbuka mipaka ya fighi za kwao wakae na vikundi vyao waonyeshe mahali hapo, kabla kumbukumbu hiyo haijazikwa nao.

MASWALI YA ASUBUHI

Nilipofika asubuhi, kabla ya maombi, mama mmoja aliniuliza swali akiwa wima, na nimeahidi kulijibu mbele ya wote. Aliuliza, "Huyo chura atatupa nini?"

Mama, nitakujibu bila kukuzungusha. Mfukoni mwako, hatakuwekea kitu. Haliwi, hauzwi. Kuna watu watakuja kuwaambia kwamba watalii watamiminika kuangalia chura. Msijenge hoteli. Huyu anatoka usiku, kwenye ukungu, na rangi yake ni ya jani kavu. Atakayekuja ni mwanafunzi wa chuo mwenye tochi na daftari, atakaa wiki mbili na atahitaji mtu wa kumwonyesha njia na mtu wa kumpikia. Hiyo ni kazi ya watu wachache na si ya kudharauliwa, lakini haitasomesha watoto wa kijiji kizima.

Faida yake ni ya namna nyingine. Kile anachohitaji yeye ndicho kinachoshika maji yetu. Mawingu yanatoka Bahari ya Hindi, yanapita juu ya tambarare kavu ya Tsavo bila kutua, yanagonga vilima hivi. Miti mirefu yenye kuvu na ndevu za ukungu inayakamua, matone yanaanguka, majani yaliyooza yanayanywa kama sifongo, na yanayatoa polepole kwenye chemchemi mpaka mwezi wa tisa. Unapomkuta chura huyu na mayai yake chini ya majani, umepata ushahidi kwamba sifongo bado inafanya kazi mahali hapo. Asipokuwapo tena mahali alipokuwa, kuna kitu kimekauka, hata kama bomba la kijiji bado linatoa.

Swali la pili lilitoka kwa kijana mmoja wa kikundi cha pikipiki. Yeye alisema kwa ukali kidogo, "Mnatuambia mikaratusi ni mibaya, lakini mkaratusi ndio uliolipa ada yangu ya sekondari." Na ni kweli. Wanaosema mikaratusi yote ing'olewe mara nyingi ni watu wenye mshahara. Nguzo, mbao za saipresi, kuni za miwati, hivyo ndivyo vinavyofanya watu wasiingie msituni. Mimi siwezi kumwambia mjane akate bulugamu zake tano. Ninachosema ni mahali pa kupanda. Bulugamu zikae kwenye mteremko mkavu, mbali na chemchemi, mbali na ukingo wa msitu. Bondeni na kando ya maji tusizipeleke. Hapo hatutagombana.

LINALOTUHUSU VITALUNI

Sasa nakaribia miche, msinikimbie.

Wataalamu waliochunguza ndege wa hapa walishapendekeza siku nyingi kwamba yale mashamba ya miti ya kigeni yaliyo katikati ya vipande vya msitu yageuzwe kidogo kidogo kuwa ya miti ya kienyeji, ili vipande vishikane. Kwa chura nahesabu faida itachelewa zaidi, kwa sababu yeye hasubiri mti, anasubiri majani ya mti yaanguke yaoze miaka mingi. Anayepanda leo anampandia mjukuu wake. Lakini ukingo wa msitu unaweza kupona mapema zaidi, na hapo ndipo vikundi vyenye mashamba yanayopakana na msitu vina nguvu kuliko mtu yeyote wa Nairobi.

Tangu Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na ile iliyochukua nafasi yake mwaka 2016, jamii inayokaa kando ya msitu inaruhusiwa kujiandikisha kama chama cha misitu na kufanya mapatano na Shirika la Misitu la Kenya kuhusu kuutunza na kuutumia. Kikundi kisichojiandikisha kitapanda mti na kesho hakina neno juu yake. Makatibu, chukueni hilo kwa uzito.

Juu ya miche yenyewe: vitalu vingi nilivyotembelea vimejaa mgrevilea na saipresi kwa sababu mbegu zake zinanunuliwa dukani na zinaota kwa urahisi. Miti ya kienyeji ina maringo. Mbegu nyingine ukizikausha juani zimekufa. Zinataka ziokotwe zikiwa mbichi chini ya mti mama, zisafishwe nyama, zipandwe siku hizo hizo chini ya kivuli. Nyingine hukaa miezi bila kuota na watu wanakata tamaa wanamwaga udongo. Usimwage. Weka alama, endelea kunyunyiza. Na unapochukua mbegu usichukue za mti mmoja tu, pita kwenye miti mingi. Ukiokota miche iliyojiotea yenyewe msituni, omba ruhusa kwanza, na chukua pale ilipobanana sana, palipo na mia uache tisini.

Kuhusu kuni, najua hapa panauma. Kuokota kuni kavu kwa ruhusa si kosa. Ila lile gogo nene, lililolala, linalomenyeka kwa mkono, hilo ni nyumba. Na kama kuni zimekuwa shida, basi hata jiko lenyewe la mafiga matatu tulizungumze, maana linameza kuni mara nyingi zaidi ya zinazopika. Kuna wanaoingia pia kufagia majani kwa ajili ya kitanda cha ng'ombe na kutengeneza mbolea. Hili nitalisema kwa heshima, kwa sababu mbolea hiyo inalisha watu: gunia moja la majani kutoka msituni linaweza kuwa limebeba mama na mayai yake. Majani ya mgrevilea wa shambani yanatosha kwa ng'ombe. Tuyatumie hayo.

Na watoto waambiwe wasimpige mawe wala wasimchukue kumpeleka kwingine, hata kwa nia njema. Mwalimu mmoja aliniambia anataka kuwahamishia wachache kwenye bustani ya shule ili wanafunzi wajifunze. Mwalimu, nashukuru moyo wako, lakini chini ya mwembe wa shule watakuwa wamekauka kabla ya kengele ya saa nne. Wapeleke wanafunzi kwake. Mwombe mlinzi wa msitu, nendeni jioni ya mvua, watu wachache, tochi moja, na kila mliloinua mlirudishe lilivyokuwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Chai iko tayari pale nyuma. Tukimaliza, wale wa vikundi vya upande wa Ngangao wabaki na mimi, tuna mambo mawili: kuandika majina kwa ajili ya chama cha misitu, na kukubaliana ni siku gani ya mwezi huu tutaingia kuokota mbegu zilizoanguka, kabla hazijaliwa na nyani. Mje na vikapu. Magunia ya nailoni yanachemsha mbegu.